Kulewa Bahari: Sikio, Jicho na Ubongo Vinapopingana

Mada: Uratibu – sikio na msawazo wa mwili

Ukimaliza sehemu hii utaweza:
(a) kutaja sehemu za sikio la ndani zinazohusika na msawazo na kueleza kazi ya kila moja;
(b) kueleza kwa nini mtu hulewa bahari, gari au ndege;
(c) kutaja njia za kujikinga na kutoa sababu ya kila njia;
(d) kujibu maswali ya maelezo kuhusu mada hii bila kuchanganya sehemu za sikio.

Utangulizi

Kaa kwenye ukuta wa Forodhani alasiri, kabla wauza mishkaki na urojo hawajawasha taa zao. Mbele yako vijana wanapiga makachu: mmoja anakimbia, anaruka, anajipindua hewani mara mbili na kuingia majini miguu kwanza. Nyuma yao boti ya Dar es Salaam imetoka bandari ya Malindi na inaelekea kusini. Ndani yake kuna abiria ambaye hajaruka wala hajajipindua. Amekaa kwenye kiti, mkanda wa mkoba mkononi. Lakini baada ya dakika arubaini atakuwa ameinamia mfuko anatapika.

Kijana wa makachu amezungushwa zaidi kuliko abiria, na hana neno. Abiria amekaa tu, na yuko taabani. Ukiweza kueleza tofauti ya watu hawa wawili, umeielewa mada ya sikio na msawazo vizuri kuliko mtu aliyekariri mchoro wa kitabuni.

Mtihani wa Biolojia utaujibu kwa Kiingereza, nawe unajua. Makala hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Katika miaka niliyofundisha nimeona watahiniwa wengi wakipoteza alama kwa sababu walikariri majina bila kuelewa kazi. Elewa kwanza kwa lugha unayoiota usiku, kisha rudi kwenye daftari lako ukaweke majina ya Kiingereza mahali pake.

1. Mwili unajuaje uko wima na unakwenda wapi?

Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu. Hauoni wala hauhisi chochote wenyewe, unategemea kuletewa habari. Kuhusu mwendo na msawazo wa mwili, habari hizo huletwa na mashahidi watatu:

(i) *Macho*, ambayo hueleza vitu vinavyokuzunguka vimetulia au vinasogea.
(ii) *Sikio la ndani*, ambalo hueleza kichwa kinazunguka, kinainama, kinapanda au kinashuka.
(iii) *Misuli, viungo na ngozi*, hasa shingo na nyayo, ambavyo hueleza uzito wa mwili umeegemea wapi.

Ukitembea Darajani kwenda sokoni, mashahidi wote watatu wanasema jambo moja: tunatembea. Ubongo unapokea, unalinganisha, unatoa amri kwa misuli, nawe hujui hata kama kazi hiyo imefanyika. Huo ndio uratibu.

2. Sikio la ndani

Watu wengi hudhani kazi ya sikio ni kusikia tu. Sikio la ndani lina kazi mbili. Konokono ya sikio hushughulikia sauti. Sehemu nyingine, ambazo ndizo tunazozihitaji hapa, hushughulikia msawazo.

*Mifereji mitatu ya nusu duara.* Kila sikio lina mifereji mitatu myembamba iliyopinda. Imekaa katika pande tatu tofauti, kila mmoja karibu pembe mraba na mwenzake, kama sakafu na kuta mbili zinavyokutana kwenye kona ya chumba. Kwa hiyo hakuna upande ambao kichwa kitazungukia pasiwe na mfereji wa kuhisi. Ndani ya mifereji kuna majimaji yaitwayo endolimfu. Mwisho wa kila mfereji umevimba kidogo. Uvimbe huo huitwa ampula, na ndani yake kuna seli zenye vinyweleo. Kichwa kikizunguka, majimaji huchelewa kukifuata, hivyo huvisukuma vinyweleo. Seli hutoa msukumo wa neva kwenda kwenye ubongo: tunazunguka.

Fanya jaribio hili nyumbani. Tia maji kwenye glasi, nyunyizia majani ya chai, kisha izungushe glasi taratibu juu ya meza. Mwanzoni glasi inazunguka lakini majani yamebaki nyuma. Ukiendelea, maji yanashika mwendo wa glasi. Sasa isimamishe ghafla: glasi imesimama, majani bado yanazunguka. Hicho ndicho kinachotokea kichwani mwako ukizunguka uwanjani mara kumi kisha ukasimama. Umesimama, lakini majimaji ya mifereji bado yanakwenda, na ubongo unaona Jumba la Maajabu likikuzunguka.

*Vifuko viwili, utrikulo na sakulo.* Hivi havishughuliki na kuzunguka. Kazi yake ni kuhisi mwendo wa moja kwa moja (mbele, nyuma, juu, chini) na kuinama kwa kichwa. Ndani yake kuna vijiwe vidogo sana vya kalsiamu kaboneti vilivyolala juu ya seli zenye vinyweleo. Gari likiondoka ghafla, au boti ikishuka bondeni mwa wimbi, vijiwe hubaki nyuma kidogo na kuvivuta vinyweleo.

Zingatia jambo hili, kwa sababu linaunganisha Biolojia na Fizikia. Sikio la ndani halihisi mwendo wenyewe; linahisi *mabadiliko* ya mwendo. Kutoka Unguja hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 70, na boti ya kasi hutumia karibu saa 2, yaani wastani wa kilomita 35 kwa saa. Bahari ikiwa shwari na mwendo haubadiliki, sikio lako halina la kusema, na unaweza kulala kana kwamba uko kitandani. Kinachokulewesha ni kupanda na kushuka, wala si kasi.

3. Kwa nini mtu hulewa?

Turudi kwa abiria wetu. Boti imepita Chumbe na imetoka kwenye kinga ya kisiwa. Ikiwa ni msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi hapo huwa makubwa. Abiria amekaa ndani, anatazama kiti cha mbele au simu yake. Macho yanaripoti: tumetulia, kiti hakisogei. Sikio la ndani linaripoti: tunapanda, tunashuka, tunayumba. Nyayo na makalio nayo yana habari yake. Mashahidi wanapingana, na ubongo haujui wa kumwamini. Mgongano huu wa habari ndio chanzo cha kulewa bahari.

Mgongano huo huja kwa sura mbili, na mtihani unaweza kukuuliza yoyote kati yake:

(a) *Sikio linahisi mwendo, macho hayauoni.* Mifano: abiria aliye ndani ya boti, na mwanafunzi anayesoma notisi ndani ya daladala.
(b) *Macho yanaona mwendo, sikio halihisi chochote.* Mfano: mtu anayecheza mchezo wa magari kwenye kioo kikubwa, au aliyevaa miwani ya michezo ya kompyuta. Amekaa sebuleni kwao, na bado anapata kichefuchefu.

Sasa utaelewa kwa nini kijana wa makachu haugui. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua kuruka. Ubongo wake umejua mwendo unaokuja kabla haujaja, mruko umekwisha ndani ya sekunde chache, na ameshaufanya mara nyingi hata ubongo umeuzoea. Kwa sababu hiyohiyo dereva wa daladala halewi hata kama barabara ina kona nyingi. Anaziona, anaujua usukani atakaoukata, na mwili wake umejiandaa. Abiria wa kiti cha nyuma hupata habari baada ya tukio.

*Ushahidi kwamba sikio la ndani linahusika.* Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa Jeshi la Majini la Marekani na wa safari za anga walichagua wanaume 11 viziwi wenye uhusiano na Chuo cha Gallaudet kilichopo Washington. Karibu wote walipata uziwi kutokana na homa ya uti wa mgongo, ambayo iliharibu pia sehemu za msawazo ndani ya masikio yao. Katika jaribio mojawapo walipandishwa chombo na kupelekwa kwenye bahari chafu karibu na Nova Scotia nchini Kanada. Viziwi wale walikaa wakicheza karata, hawana habari. Watafiti waliokwenda kuwachunguza ndio waliolewa, hata jaribio likakatizwa.

Hapa pana fundisho la kubeba. Aliyelewa ndiye aliyekuwa na sikio zima. Kulewa bahari si udhaifu wala si uchafu wa tumbo. Ni dalili kwamba sikio lako la ndani linafanya kazi yake, lakini habari zake zimepingana na za macho. Charles Darwin, unayemsoma kwenye mada ya mabadiliko ya viumbe, alisafiri kwa meli ya Beagle kuanzia Desemba 1831 hadi Oktoba 1836, na bahari ilimtesa hadi mwisho wa safari. Haikumzuia kuandika.

*Lakini kwa nini tumbo liingie?* Kituo kinachoamuru kutapika kiko kwenye medula oblongata, sehemu ya chini ya ubongo, na kinapata habari kutoka sikio la ndani. Mwaka 1977 mtaalamu Michel Treisman alitoa dhana kwamba kwa asili, kitu kinachovuruga macho na sikio kwa pamoja ni sumu iliyoliwa. Kwa hiyo ubongo ukiona habari zinapingana, unahisi mwili umekula sumu na unaamuru itapikwe. Ni dhana, haijakuwa sheria ya sayansi. Ukiitumia kwenye jibu, iite dhana.

*Wimbi baya kuliko yote.* Majaribio yameonyesha kuwa mwendo unaolewesha zaidi ni wa polepole, wa kupanda na kushuka takriban mara moja kila sekunde 5. Piga hesabu kama ulivyofundishwa kwenye mada ya mawimbi: masafa = 1 ÷ 5 = hezi 0.2. Mtikisiko wa haraka, kama wa bodaboda kwenye barabara ya mawe, unachosha mgongo lakini haulewesh­i kiasi hicho. Boti inayopanda polepole na kushuka polepole ndiyo yenyewe.

*Nani hulewa zaidi?* Watoto wa chini ya miaka 2 hulewa mara chache. Tatizo huzidi kati ya miaka 6 na 12 hivi, kisha hupungua kadiri mtu anavyokua. Wanawake hulewa zaidi kuliko wanaume, hasa siku za hedhi na wakati wa ujauzito. Watu wenye maumivu ya kichwa ya upande mmoja nao huathirika zaidi. Na mwili huzoea: baharia mgeni anaweza kuugua siku 2 au 3 za mwanzo, kisha akapata nafuu. Ndiyo maana mvuvi wa Kojani anakula wali wake ndani ya ngalawa inayoyumba, na wewe huwezi hata kuutazama.

4. Dalili na mpangilio wake

Dalili haziji kwa pamoja. Mara nyingi hufuatana hivi:

1. Miayo, uchovu na usingizi usio na sababu.
2. Mate kujaa mdomoni.
3. Uso kupauka na jasho la baridi.
4. Kichefuchefu, au kigegezi kama tunavyosema Unguja, pengine na maumivu ya kichwa.
5. Kutapika.

Jifunze mpangilio huu kwa sababu ya maisha, si ya mtihani tu. Anayesubiri hatua ya 4 ndipo aanze kujisaidia amechelewa. Anayeweka simu mfukoni anapopiga mwayo wa pili ana nafasi nzuri ya kufika salama.

5. Namna ya kujikinga

Njia zote zinatokana na kanuni moja: *wafanye mashahidi waseme jambo moja, au punguza mwendo wanaouripoti.* Ukiishika kanuni hii huna haja ya kukariri orodha.

*Chagua mahali pa kukaa.* Chombo huyumba kama pembea ya ubao: ncha hupanda na kushuka sana, katikati husogea kidogo. Kwenye boti kaa katikati, sehemu ya chini, mbali na omo. Kwenye ndege kaa usawa wa mabawa. Kwenye daladala au basi kaa mbele, ukitazama mbele. Viti vinavyotazama nyuma viepuke.

*Tazama mbali.* Tazama pale bahari inapokutana na mbingu, au ufuo wa mbali. Mstari huo umetulia, hivyo macho yataona kwamba ni chombo kinachoyumba, na yatakubaliana na sikio. Kwenye gari tazama barabara ya mbali kupitia kioo cha mbele. Nyumba na minazi inayopita ubavuni haikusaidii.

*Kama huwezi kuona nje, fumba macho.* Shahidi akinyamaza, ugomvi unapungua. Egemeza kichwa kwenye kiti kisicheze, au lala chali kama kuna nafasi.

*Usisome.* Najua Novemba imekaribia na unataka kutumia kila dakika. Notisi utakazozisoma ndani ya boti kwa saa moja zinaweza kukugharimu jioni nzima ya kuumwa kichwa. Kama unataka kudurusu njiani, tazama mbali na ujiulize maswali kichwani, au durusuni kwa mdomo na mwenzako.

*Kula kidogo, usikae na njaa.* Bakuli la urojo na mishkaki kumi muda mfupi kabla ya kupanda boti si wazo zuri. Chakula chenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu. Lakini tumbo tupu nalo halisaidii. Kula kitu chepesi kama mkate mkavu, biskuti au ndizi, na unywe maji kidogokidogo.

*Tafuta hewa.* Moshi wa dizeli, harufu ya samaki na manukato makali huongeza kichefuchefu. Fungua dirisha la gari. Kwenye boti toka nje pale panaporuhusiwa, shika chuma vizuri, na kamwe usiinamie ukingoni kutapika. Wahudumu hupita na mifuko. Omba mmoja mapema, kabla hujauhitaji.

*Ndimu, karafuu na tangawizi.* Kunusa ndimu au kutafuna karafuu humfariji mtu, na hakuna ubaya. Tangawizi imefanyiwa utafiti mara kadhaa na majibu yamekuwa mchanganyiko: baadhi ya watu walipata nafuu, wengine hawakupata. Ijaribu ukipenda, lakini usiitegemee peke yake bahari ikiwa chafu.

6. Dawa: kabla ya safari, na si siku ya mtihani

Madukani zipo dawa za kuzuia kulewa, kama sinarizini, promethazini na dimenhidrineti. Kwa jumla huzuia ujumbe kati ya sikio la ndani na kituo cha kutapika. Kuna mambo mawili ambayo watu hukosea.

Kwanza, wakati. Dawa hizi humezwa *kabla*, nusu saa hadi saa mbili kabla ya kuondoka, kutegemea ni dawa gani. Sababu ni ya kibiolojia. Mtu akishaanza kulewa, tumbo hupunguza mwendo wa kusukuma vilivyomo kwenda kwenye utumbo mwembamba, mahali ambapo dawa hufyonzwa zaidi. Kidonge kilichomezwa katikati ya mkondo kinaweza kukaa tumboni bila kazi, kisha kikatoka na matapishi.

Pili, usingizi. Dawa nyingi za aina hii huleta usingizi na kukausha mdomo, na usingizi huo unaweza kudumu saa kadhaa baada ya kushuka. Mwanafunzi wangu mmoja alivuka asubuhi kwenda kufanya mtihani wa majaribio. Alimeza kidonge alichopewa na jirani, akafika bila kutapika hata mara moja. Alilala juu ya karatasi ya maswali. Aliponieleza baadaye alikuwa analia, kwa sababu kila swali alilijua.

Kwa hiyo, ikiwa unatoka Tumbatu kwa mashua kuja Mkokotoni, au unavuka kutoka kisiwa kingine, na una mtihani siku hiyo, tumia njia za sehemu ya 5. Ikiwezekana vuka jana yake. Kama unajua huwezi kusafiri bila dawa, muulize mfamasia mapema, na ijaribu katika safari isiyo na mtihani. Mweleze kama una mimba, pumu, ugonjwa wa macho, au unatumia dawa nyingine. Kidonge cha jirani kimwachie jirani.

7. Mwenzako akitapika

Msogeze penye hewa, mwambie atazame mbali au afumbe macho na kuegemeza kichwa. Akimaliza kutapika mpe maji kidogokidogo. Akiwa ametapika sana, maji ya chumvi na sukari ya pakiti ya dukani humrudishia alichopoteza. Usimlazimishe kula.

Na uchunge ulimi wako. Msichana akitapika garini, hapakosi mtu wa kumtazama tumbo na kunong'ona. Nimemwona mwanafunzi akiacha kupanda gari la skuli muhula mzima, akitembea kwa miguu alfajiri, kwa ajili ya neno moja lililosemwa na mwenzake. Wewe sasa umesoma. Kichefuchefu si kipimo cha mimba; na msichana na mvulana wana mifereji ileile mitatu katika kila sikio. Ukisikia mnong'ono huo, toa maelezo ya sehemu ya 3.

Kulewa kwa kawaida huisha baada ya kushuka, ingawa unaweza kuhisi ardhi inayumba kwa saa kadhaa, hata siku moja. Nenda kituo cha afya ikiwa kutapika kunaendelea siku ya pili, kuna homa, maumivu makali ya kichwa, sikio linauma au usikivu umepungua, au kizunguzungu kinakujia hata ukiwa hujasafiri. Homa na matapishi vinaweza kuwa malaria, hata kama vilikuanza ukiwa ndani ya boti.

Makosa ya watahiniwa

- Kuandika kwamba konokono ya sikio ndiyo inayoleta msawazo. Hiyo ni ya kusikia.
- Kuchanganya mifereji na vifuko. Mifereji huhisi *kuzunguka*. Vifuko huhisi *kuinama na mwendo wa moja kwa moja*.
- Kuandika "kwa sababu boti inakwenda kasi". Sema "kwa sababu mwendo unabadilika".
- Kutaja njia ya kujikinga bila sababu. Swali likisema *eleza*, kutaja peke yake hakutoshi.

Maswali ya kujipima

1. Taja mashahidi watatu wanaoupa ubongo habari za msawazo.
2. Mtu amezunguka mara kumi akasimama ghafla. Eleza kwa nini anahisi bado anazunguka.
3. Abiria A anatazama upeo wa bahari. Abiria B anasoma ujumbe kwenye simu. Nani atalewa mapema, na kwa nini?
4. Kwa nini dereva wa daladala halewi ilhali abiria wa nyuma analewa?
5. Boti hupanda na kushuka mara 12 kwa dakika moja. Tafuta masafa yake, kisha eleza kama mwendo huo unalewesha.
6. Mtu asiye na sehemu za msawazo kwenye masikio yake halewi bahari. Jambo hili linathibitisha nini?

Mwongozo wa majibu

1. Macho, sikio la ndani, misuli, viungo na ngozi.
2. Kichwa kimesimama lakini endolimfu inaendelea kwenda na kuvisukuma vinyweleo vya ampula. Ubongo hupokea habari ya kuzunguka wakati macho na miguu inasema amesimama.
3. B. Macho yake yanaripoti utulivu na sikio linaripoti mwendo, hivyo habari zinapingana. Kwa A, macho na sikio vinakubaliana kwamba chombo kinayumba.
4. Dereva huona na kuamua mwendo kabla haujatokea, hivyo ubongo wake hujiandaa. Abiria hawezi kuutabiri.
5. 12 ÷ 60 = hezi 0.2. Ndiyo, ni karibu na masafa yanayolewesha zaidi.
6. Kwamba sikio la ndani ni lazima lifanye kazi ili mtu alewe. Tumbo peke yake si chanzo.

Zoezi la mwisho. Siku utakapopita Forodhani, simama ukutani, chagua boti moja inayotoka, na umweleze mwenzako kwa dakika 3, bila daftari, kinachotokea ndani ya sikio la abiria wake. Mahali utakapokwama, hapo ndipo pa kurudia usiku. Ukifika mwisho bila kukwama, funga ukurasa huu na uende mada inayofuata.